Mfumo Uliomkosa Nyoka

Mama yangu hapigi simu ili kuniuliza nimekula nini. Salamu anazituma kwa ujumbe wa sauti, Jumapili baada ya misa, na anataja majirani wote mmoja mmoja mpaka pumzi inamwishia. Kwa hiyo aliponipigia asubuhi ya siku ya kazi, nikiwa nimeshika kikombe cha chai ofisini, nilijua kuna jambo.

"Ile mashini yako," alisema, "inanitia haya."

Basi. Hakuna salamu, hakuna habari ya huko. Nikaweka kikombe chini.

Mama ni muuguzi mkuu wa kituo cha afya huko Kilwa. Sisemi Kilwa ya pwani wanayoijua Watanzania. Nasema Kilwa yetu, ya kando ya Ziwa Mweru, ambako mvua ikianza barabara inakuwa uji na lori linaweza kukwama mpaka dereva anaalikwa ubatizo kijijini. Kituo chake ni cha shirika dogo la afya ambalo ofisi yake kuu iko hapa Lubumbashi, mtaa wa Golf. Na hiyo mashini yangu ni mfumo wa kwenye intaneti niliolitengenezea shirika hilo. Miongozo yote ya matibabu imo humo. Muuguzi anaandika neno kwenye simu yake, mfumo unamletea mwongozo wenye neno hilo, anausoma na kumhudumia mgonjwa wake. Hakuna kungoja karatasi ije na lori.

Niliutengeneza mimi. Naomba nilirudie hilo, maana watu wakisikia mfumo unafanya kazi vizuri, macho yao yanakwenda Johannesburg au Ulaya. Babu yangu alikuwa fundi wa reli, baba yangu alifia kazini mgodini, na mimi nimesoma hapahapa, katika madarasa ambayo kompyuta moja tulikuwa tukiizunguka kama sahani ya bukari, ugali wetu. Mfumo ule kila mstari wake umepita kwenye vidole vyangu hivi. Wanaosema najivuna wana haki. Najivuna sana, na sitaki dawa.

Ndiyo maana neno "haya" lilinichoma.

Mama akanisimulia. Wiki ile walikuwa wameletewa mtu aliyeumwa na nyoka, mvuvi, amebebwa na wenzake kutoka ufukweni. Muuguzi kijana aliyekuwa zamu akatoa simu yake, akaandika "nyoka" kwenye mfumo wangu. Ukamjibu kwamba hakuna kilichopatikana. Akaandika tena, hakuna. Mama akaja mbio kutoka wodi ya wazazi, na kwa kuwa yeye mambo hayo anayo kichwani, akamhudumia yule mtu vizuri, na siku chache baadaye mvuvi akarudi kwao kwa miguu yake. Lakini muuguzi kijana alikwisha kusema mbele ya wagonjwa wote, kwa sauti: "Hii kintu ya mutoto ya mama ni ya bure kabisa!"

"Na mimi," mama akasema, "mimi njo nilibaambia bote batumie. Nilizunguka vituo, nilisema muache makaratasi, mutumie hii. Sasa banacheka."

"Mama, lakini mwongozo wa nyoka muko nao?"

"Tuko nao! Balituma, niliona na macho yangu. Nikifungua kwa mukono, namba kwa namba, iko. Nikitafuta, haiko."

"Labda aliandika vibaya..."

"Nyoka!" alifoka. "Herufi tano! Nani alikufundisha weye kusoma?"

Huwa sinyamazi ovyo, lakini kwa mama nanyamaza.

Habari haikuishia Kilwa. Kabla ya mchana, mkurugenzi wa shirika, daktari mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, aliniita Golf. Ofisi yao ni nyumba ya zamani yenye veranda pana na maua yanayomwagiliwa kila siku. Hakunikaribisha hata maji.

"Mkutano wa vituo vyote ni wiki ijayo," alisema. "Kuna watu wa nje wameniletea mfumo wao. Ni wa gharama, lakini unatafuta na unapata. Kama siku ya mkutano mfumo wako haupati miongozo yetu, tunauzima pale pale, mbele ya wote."

"Dokta, nitautengeneza."

"Sitaki utengeneze. Nataka upate."

Nilitoka mle damu ikinichemka. Mtu huyo nilimletea kitu ambacho wenzake hawana, na sasa ananiambia atakizima mbele ya watu kama redio inayokwaruza! Na mbele ya watu hao, mama yangu angekuwa anasikiliza. Hilo ndilo lililoniuma. Mimi kazi nyingine ningepata. Mama, aliyezunguka vituo kwa pikipiki akiwaombea watu waniamini, angepata wapi uso mwingine?

Nikarudi kwenye meza yangu nikaanza kazi.

Acha nieleze kidogo, kwa mtu asiyejua mambo haya. Ukitafuta neno katika mfumo kama wangu, mfumo hausomi miongozo yote wakati ule ule. Ungechoka kungoja, na mgonjwa angechoka kabla yako. Mfumo huisoma mapema, kila mwongozo unapoingia, na kujiandikia faharasa: neno hili liko kwenye mwongozo huu na huu, neno lile liko kule. Ni kama zile kurasa za mwisho za kitabu cha jiografia tulizokuwa tukizitumia shuleni kuitafuta mito. Ukiuliza "nyoka", mfumo unafungua faharasa tu. Neno likiwa halimo kwenye faharasa, kwa mfumo huo nyoka hayupo duniani.

Nikaandika "nyoka". Hakuna. Nikaandika "malaria". Ikamwagika miongozo tele.

Huku kwetu kompyuta ikikosea, mshukiwa wa kwanza ni umeme. Nilidhani umeme ulikatika faharasa ikiandikwa, ikabaki nusu. Nikasoma maelezo ambayo mfumo hujiandikia kila unapofanya kazi. Safi. Kila mwongozo ulipoingia, mfumo uliandika kwamba umeusoma na umemaliza, bila kulalamika hata mara moja. Hata hivyo nikafuta faharasa yote na kuuambia mfumo uanze upya, mwongozo wa kwanza hadi wa mwisho. Nikala mkate wangu nikingoja. Ulipomaliza, malaria alikuwepo, nyoka hayupo.

Nikashuku ruhusa: labda mwongozo umefichwa kwa wauguzi. Hapana, unaonekana kwa wote. Nikashuku seva. Nikashuku kazi ya mikono yangu mwenyewe, jambo ambalo silifanyi mapema, watu wa ofisini kwetu watakuambia. Mwishowe nikaandika mwongozo wa uongo, mistari michache ya upuuzi kuhusu nyoka aliyekwenda sokoni kununua viatu, nikauingiza, nikatafuta. Ukatokea papo hapo, na viatu vyake.

"Yesu wangu!" nikapiga meza. Mashini ni nzima! Inamjua nyoka wa uongo, inamkataa nyoka wa kweli!

Hapo nilikasirika kwa namna inayonisaidia. Kuna hasira inayonifanya nifunge kompyuta niende kununua mandazi, na kuna hasira inayonifanya nikae. Hii ilikuwa ya kukaa. Nikaanza kulinganisha miongozo inayopatikana na isiyopatikana. Ya zamani yote inapatikana. Mipya, kuanzia mahali fulani, hakuna hata mmoja unaopatikana. Nikaingia ndani ya faharasa yenyewe, nione mfumo uliandika nini kuhusu mwongozo wa nyoka. Uliandika namba yake, maana ofisi ile inaipa miongozo namba tu kama jina. Uliandika tarehe. Kisha mahali pa maneno palikuwa patupu. Mfumo ulikuwa umeufungua mwongozo, ukaupekua toka juu mpaka chini, haukukuta neno hata moja, ukajiandikia kwa moyo mweupe kwamba umemaliza.

Nikaufungua mwongozo kwenye kioo cha kompyuta. Maneno haya hapa! Nayaona! Nikajaribu kuyapitishia kipanya cha kompyuta niyachague, kama mtu anavyofanya akitaka kunakili. Hayachaguliki. Ukurasa mzima ulikuwa kipande kimoja. Ndipo nikaona kwamba mistari imelala upande kidogo, na chini kuna muhuri wa zambarau na sahihi ya daktari.

Ilikuwa picha. Picha ya karatasi.

Jicho la mtu linasoma maneno kwenye picha bila kujua. Faharasa yangu haina macho. Kwake ile ilikuwa picha tu, sawa na picha ya mbuzi. Lakini jambo moja lilinishinda: miongozo ile huandikwa kwa kompyuta, pale Golf, nimeiona kwa macho yangu ikichapwa. Kitu kilichozaliwa kikiwa maandishi kinageukaje kuwa picha kabla hakijafika kwangu? Kioo changu kisingenijibu hilo. Kesho yake asubuhi nilirudi Golf, na sikwenda kwa daktari. Nilikwenda kwa katibu wake.

Katibu ni mwanamke aliyenizidi umri kidogo, kwa hiyo ninamwita Yaya, yaani dada mkubwa. Anavaa vizuri kuliko ofisi yenyewe. Nikamwambia: "Yaya, leo sikuulizi kitu. Fanya kazi yako ya kila siku, mimi nitakaa hapa nikutazame."

"Unatafuta kosa langu?"

"Natafuta nyoka."

Akacheka, akaanza. Alikuwa na mwongozo mpya wa majeraha ya moto. Akauchapa haraka haraka, bila kuvitazama vidole vyake. Akausoma upya. Akautoa kwa printa kwenye karatasi. Akaipeleka kwa daktari, ikarudi na sahihi. Kisha akafungua droo kwa ufunguo unaoning'inia shingoni mwake, akatoa muhuri, akaupuliza, akaupiga juu ya maneno kwa mkono mzito, pa! Nilipomuuliza kwa nini juu ya maneno, akasema ukiupiga pembeni mtu anaweza kuukata na kuubandika kwingine. Halafu akaiweka karatasi kwenye skana, akaigeuza kuwa faili, akaingiza faili hiyo kwenye mfumo wangu. Na mwisho, bila kusita, akaufuta ule mwongozo aliouchapa.

Nikashika kichwa kwa mikono miwili.

"Yaya! Kwa nini usiniingizie uliochapa?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo kwenda kazini. "Bila kashe?" alisema. Kashe ndiyo muhuri, kwa kusema kwetu. "Karatasi bila kashe ni karatasi gani?"

Na mimi, mtoto wa nchi hii, nilimwelewa! Nani kati yetu hajarudishwa dirishani kwa sababu ya muhuri? Nimeona cheti cha shule kikikataliwa kwa kuwa muhuri umefifia. Nimeona watu wakipiga muhuri juu ya muhuri ili wa kwanza uaminike. Binamu yangu alipooa, kadi za mwaliko zilipigwa muhuri wa kamati ya harusi, na hakuna aliyecheka. Mtu wa nje angekaa mwaka mzima akichunguza seva asilione hili, maana asingeweza kufikiria kwamba watu wanaandika kwa kompyuta, wanatoa kwenye karatasi, wanapiga muhuri, kisha wanairudisha karatasi kwenye kompyuta, na wanaona wamefanya vema.

Nao walikuwa wamefanya vema, hilo ndilo gumu. Yaya alinieleza. Miezi michache nyuma kulikuwa na mwongozo wa uongo uliozagaa kwenye simu, una jina la shirika, una vipimo vya dawa vilivyokosewa. Ulikamatwa kabla haujadhuru mtu. Tangu hapo mkurugenzi alitoa agizo: mwongozo wowote usio na sahihi na muhuri usiingie kwenye mfumo, na nakala isiyo na muhuri isibaki mahali popote.

"Agizo la nani?" niliuliza, nimesikia vizuri lakini nataka kusikia tena.

"La Dokta mwenyewe."

Mama we! Nilitaka kuruka. Mtu anayetaka kunizimia mfumo mbele ya watu ndiye aliyeufunga macho! Niliyaona maneno yangu yote ya siku ya mkutano yakijipanga. Ningesimama, ningesema Dokta, kabla hujazima, waambie watu agizo lilikuwa la nani. Nilitoka verandani nikampigia mama, nikamwambia yote kwa furaha mbaya, bila kupumua.

Mama akauliza: "Weye unataka kumushinda Dokta, ao unataka mashini ibakie?"

"Mama, lakini ni yeye..."

"Nimekuuliza."

"Nataka ibakie."

"Basi usimupeleke haya mbele ya bantu. Yee alikuwa nachunga bagonjwa. Muende mutengeneze."

Nikarudi ndani, nikagonga mlango wa daktari, na nikasema maneno magumu kuliko yote niliyowahi kuyatoa kinywani: "Dokta, agizo lako la muhuri ni zuri, libaki. Mfumo wangu hausomi picha. Nitautengenezea njia." Nikamweleza yote, polepole. Alinisikiliza hadi mwisho. Nadhani alielewa mapema kuliko nilivyotaka, maana alivua miwani akaifuta ingawa ilikuwa safi. Akasema tu, "Endelea." Na mara hii aliita tuletewe chai.

Nilifikiri itakuwa rahisi. Kuna programu zinazosoma maandishi yaliyo kwenye picha, na nilikuwa nayo. Nikaipa mwongozo wa nyoka. Ilisoma vizuri mpaka ilipofika kwenye muhuri. Hapo muhuri umekalia maneno, na programu ikaanza kubahatisha. Kwenye mwongozo mwingine ilibadili tarakimu ya kipimo. Nikaifunga. Hii si orodha ya nyimbo za kwaya. Mtu akitafuta dawa akaletewa kipimo kilichobahatishwa na mashini, afadhali angeambiwa hakuna.

Kwa hiyo ilibaki njia ya zamani: kuichapa upya miongozo yote iliyopigwa muhuri, mimi na Yaya, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anachapa, na daktari analinganisha kila ukurasa na ule wenye sahihi yake. Lakini kabla ya hapo Yaya alinibana. "Nikikupatia maandishi bila kashe, kesho mutu anabadilisha neno moja, na kashe yangu iko hapo inashuhudia uongo. Utafanya nini?"

Swali hilo lilikuwa la haki, na nilipenda alivyoliuliza, amekunja mikono kifuani kama askari wa lango. Nikamtengenezea mlango wake. Mwongozo sasa unaingia ukiwa na sehemu mbili pamoja: maandishi, ambayo faharasa inayasoma, na picha yenye muhuri, ambayo muuguzi anaiona akifungua. Moja ikikosekana, mfumo unakataa. Zikishaingia, hakuna anayezigusa, hata mimi. Mtu akitaka kurekebisha neno, aanze upya, kwa sahihi mpya na muhuri mpya. Yaya alijaribu kuudanganya mfumo kwa njia zote alizoweza kuzifikiria. Aliingiza picha bila maandishi, maandishi bila picha, maandishi ya mwongozo mmoja na picha ya mwingine. Hilo la mwisho lilipita! Alinicheka mpaka akakaa chini. Nikaongeza namba ya kulinganisha, na daktari kuthibitisha kabla mwongozo haujafunguliwa. Alipojaribu tena ukamkataa, akasema, "Bien, muzuri. Sasa iko na akili."

Tukachapa. Umeme ulipokatika tulihamia verandani na kompyuta za betri, yeye anasoma kwa sauti ya misa, mimi nachapa, na mlinzi wa lango akawa anasikiliza mpaka akajua dalili za upungufu wa maji mwilini. Betri yangu ikiisha tunabadilishana kazi, yeye anachapa kwa yake, na hapo ndipo niliaibika, maana Yaya anachapa haraka kunizidi mara mbili, huku akiniambia habari za watu. Tulipomaliza mwongozo wa mwisho nikaamuru faharasa ijengwe upya. Mahali palipokuwa patupu pakaanza kujaa maneno, mstari kwa mstari. Nikaandika zile herufi tano.

Akatokea. Nyoka wa kweli, mwenye sahihi na muhuri.

Nilipiga kelele hivi kwamba mlinzi alikuja na fimbo yake. Yaya aliutazama muhuri wake kwenye kioo, akanyoosha kitambaa cha kichwa, na niliona kwamba naye anajivuna, tena bila kujificha.

Mkutano ulifanyika Karavia, hoteli ya hapa mjini, katika ukumbi wa kukodi. Wauguzi wakuu walijaa, wengine wamefika tangu jana yake. Mama hakuja. Mvua zilikuwa zimekata barabara, kwa hiyo Kilwa ilihudhuria kwa simu, iliyowekwa mezani mbele ya kipaza sauti. Mkurugenzi hakuzungusha maneno. Aliwaambia watu kwamba kuna mwongozo ambao Kilwa iliutafuta ikaukosa, na kwamba leo tutaona kama mfumo unabaki au unazimwa. Kisha akainama kwenye simu. "Mama wa Kilwa, tafuta."

Sauti ya mama ikaja na upepo wa ziwa ndani yake. "Dokta, samahani. Sitatafuta mimi. Nitamupatia muuguzi wangu. Yee njo alikosa, yee njo atafute."

Nilitaka kumzuia. Mama! Kati ya watu wote unampa yule aliyekucheka? Nikasikia simu ikibadilishana mikono, kisha kimya. Mtandao wa simu wa Kilwa naujua, unakwenda na kurudi kama mbuzi wa jirani. Kimya kikaendelea. Mtu nyuma yangu akakohoa. Mkurugenzi akatazama saa. Yaya, aliyekaa pembeni yangu, alinishika kiganja.

Halafu sauti ya muuguzi kijana ikaanza, ya chini, ya mtu anayesoma.

"Mutulize mugonjwa. Asitembee. Kiungo kilichoumwa kisichezechezwe. Usikate jeraha. Usinyonye. Usifunge kamba..."

Nilidhani mkurugenzi atamkatiza, maana tulikwisha kuona. Hakumkatiza. Muuguzi aliendelea kusoma hadi mstari wa mwisho, namba ya kumbukumbu na jina la mwenye sahihi, na ukumbini wauguzi kadhaa walikuwa wametoa simu zao wanafuata kwa vidole. Alipomaliza, alisema kwa sauti yake ya kawaida, "Iko yote, Dokta. Yote kabisa."

Mkurugenzi akanyoosha mgongo. "Tunabaki nao," alisema. Kisha akaongeza, bila mtu kumlazimisha: "Kilichoufunga macho kilikuwa agizo langu. Kimerekebishwa." Akanitazama mara moja, akakaa.

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa najitayarisha kusimama, nimeshanyoosha sketi, maneno yangu mazuri yako tayari, wakati muuguzi mmoja mzee kutoka kituo cha mbali, aliyekuwa hajui mimi ni nani, aliinua mkono akauliza: "Samahani, hii mashini ilitoka inchi gani?"

Kabla sijafungua mdomo, simu ya mezani ilijibu.

"Ilitoka mu tumbo langu," alisema mama.

Ukumbi ulicheka mpaka viti vikalia, na mkurugenzi naye alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Nilisimama kusema, mimi ninayejulikana kwa mdomo, na sikupata neno. Nilisimama tu pale, machozi yananitiririka mbele ya vituo vyote, na sikuyafuta.